Milioni sita za nini? Majibu ya barua zenu kuhusu viza za kazi

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wenye taaluma zao wanaotaka kutoka, na moja ya mtu aliyeingia. Nimechukua tatu, wengine vumilieni.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 29, naishi Sinza, nina digrii ya kompyuta na naandika programu kwenye kampuni moja huu mwaka wa tatu. Kuna jamaa Kariakoo anasema atanifanyia ile kadi ya Ujerumani ya kwenda kutafuta kazi, anataka milioni 6, nusu kwanza, pointi atanitafutia yeye. Halafu cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hamisi na pasipoti inasema Khamis, yeye anasema hiyo sio ishu. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu, usimpe. Kadi yenyewe ipo kweli, Wajerumani wanaiita Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024 na inakupa mpaka mwaka mmoja wa kukaa kule unatafuta kazi, na wakati unatafuta unaruhusiwa kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki. Ila hapo kwenye "pointi atanitafutia" nimecheka peke yangu ofisini. Pointi haziuzwi Kariakoo, unazo mwenyewe au huna. Haya tuhesabu: hujafika miaka 35, chukua 2. Kazi ya fani yako miaka miwili au zaidi ndani ya miaka 5 iliyopita, 2 nyingine. Kompyuta iko kwenye fani wanazohangaika kupata watu, 1. Kiingereza chako ukikipima kikafika C1 (viwango vya lugha huanzia A1 cha chini kabisa mpaka C2 cha juu), 1. Jumla 6, na 6 ndio wanazotaka. Kiingereza kikigoma B2 hiyo ya mwisho huipati, basi nenda Goethe pale Upanga usome Kijerumani mpaka A2, utaipata kwa njia hiyo.

Na kabla hata ya kuhesabu, ingia kwenye mtandao wao wa Anabin, ni bure, tafuta chuo chako. Kikiwa na alama ya H+, yaani wanakitambua, na digrii yako ikawa imo, hapo wanakuhesabu mtaalamu kamili na habari ya pointi inakuwa haikuhusu. Usipoikuta digrii, kuna ofisi yao inaitwa ZAB unawatumia vyeti wanakupa karatasi ya ulinganisho, hiyo unailipia.

Sasa milioni 6 za nini? Ada ya viza ni euro 75. Pesa nzito ni ile ambayo huyo jamaa naona hajakutajia, ya kuonyesha utaishije: kwa mtu asiye na mshahara kule wanataka zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi, na kwa mwaka mzima ikiwekwa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa inapita milioni 30 za kwetu. Ni hela yako, unaichota kidogo kidogo kila mwezi ukifika, lakini lazima iwepo. Kama huna, mi ningekushauri uachane na kadi utume maombi ya kazi ukiwa hapahapa Sinza, intaneti ndio ofisi yako. Ukipata mkataba unaomba Blue Card, kibali chao cha wasomi waliokwisha pata kazi, kwa watu wa kompyuta kiwango cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa kama euro 43,760 kwa mwaka, na hiyo ina utamu wake kwamba baada ya miezi 27 ya kazi unaweza kuomba ukaazi wa kudumu ukiwa na Kijerumani cha A1, ukiwa na B1 ni miezi 21 tu. (Ukaazi wa kudumu haukuondolei Utanzania. Uraia wa kwao ndio unauondoa, hilo wengi wanachanganya.)

Hamisi na Khamis sasa. Hiyo ndio ishu yenyewe! Mimi mwaka nilioomba viza ya masomo cheti changu cha form four kilikuwa na herufi moja pungufu. Dada wa dirishani hakusema neno, alichukua penseli akazungushia kiduara pale kwenye jina, akaingiza kila kitu kwenye bahasha akanisogezea. Nikapanda daladala na bahasha mapajani, na miezi miwili ikaishia kwenye herufi moja. Angalia cheti cha chuo kimeandika lipi ulifuate hilo, maana chuo kubadilisha ni kazi kweli, hayo mengine karekebishe RITA au Uhamiaji, na kiapo cha wakili kiwepo.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni nesi wa diploma, Mbagala, uzoefu miaka 6. Kuna ajenti anatukusanya manesi kwenda Uingereza, anasema tutaanzia kazi ya kulea wazee halafu unesi utakuja wenyewe. Ni kweli?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hapana, na huyo ajenti ama hajui ama anajua sana. Uingereza walifunga mlango wa wafanyakazi wa malezi wanaoomba kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Na kingine, Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo zenyewe zina upungufu wa watu wa afya, kwa hiyo kwa utaratibu wao mawakala hawatakiwi kuja kutukusanya huku. Wewe mwenyewe kuomba hukatazwi. Njia inapitia NMC, baraza lao la unesi: mtihani wa Kiingereza wa IELTS au OET, mtihani wa unesi unaofanyia kwenye kompyuta, halafu wa vitendo ukifika kule, na Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa litawathibitishia usajili wako. Mwajiri anayekupa cheti cha udhamini lazima awe kwenye orodha ya wenye leseni ambayo serikali yao imeiweka wazi mtandaoni, jina lisipokuwepo achana naye. Na gharama ya hicho cheti cha udhamini ni ya mwajiri, haruhusiwi kukubebesha wewe.

Anza na Kiingereza, ndiko manesi wengi wanakokwama, hasa kuandika.

SWALI: Sasa! Mimi ni Mkenya, mhasibu, nimepata kazi Mikocheni. Bosi anasema Afrika Mashariki ni moja, nianze Jumatatu, kibali kitafuata. Niko salama?

JIBU: Poa, karibu Dar, ila hauko salama. Kuvuka Namanga bila viza ni jambo moja na kukaa kwenye meza ya mtu unalipwa mshahara ni jambo jingine. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na juu yake kibali cha ukaazi daraja B cha Uhamiaji. Vinatolewa kwa miaka miwili, vinaongezwa ila vina kikomo, na bosi anatakiwa aonyeshe alivyotafuta Mtanzania akakosa na mpango wa kumfundisha atakayekupokea. Uhasibu wenzako hapa ni wengi, kwa hiyo asifikiri atapewa kirahisi. Mkikamatwa kosa ni la wote wawili, ila yeye atalala kwake Mikocheni na wewe utarudishwa kwenu. Mwambie akuonyeshe maombi yenye jina lako na control namba aliyolipia. Akianza kuzunguka, Jumatatu usiende.