Maswali na Majibu: Bahari Zilizozungukwa na Nchi Kavu

Swali: Nimezoea kufuata majira ya maji kujaa na kupwa. Mbona mabaharia wa Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, hawajali sana jedwali la maji kujaa na kupwa?

Jibu: Kwa sababu halina mengi ya kuwaambia. Mawimbi ya kujaa na kupwa hutoka bahari kuu, na hayawezi kuingia Baltiki ila kwa kupenya milango-bahari myembamba ya Denmark, yenye kina kifupi, ambako nguvu zake nyingi huishia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bahari hiyo hujaa na kupwa kwa sentimita chache tu. Hata hivyo, maji yake hayatulii. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu huyasukuma hadi mwisho wa Ghuba ya Finland, na ndivyo St. Petersburg, mji wa Urusi ulioko hapo, ilivyofurika mwaka 1824, maji yalipopanda zaidi ya mita 4. Upepo ukilegea, maji hurudi na kwenda tena kama katika beseni lililotikiswa, hivyo kina bandarini kinaweza kubadilika hata kukiwa shwari.

Swali: Barometa, yaani kipimo cha kanieneo ya hewa, inasaidia kukadiria kina?

Jibu: Inasaidia sana, na nashangaa wengi wanavyoipuuza. Kanieneo ya hewa ikipanda hektopaskali 1, maji hushuka takriban sentimita 1. Tuseme umefunga chombo gatini kanieneo ikiwa 1013, na chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) umebakiwa na sentimita 30. Ikifika 1038, hesabu inakuachia sentimita 5, na upepo wa kutoka nchi kavu unaweza kuzimaliza hizo.

Swali: Je, Mediterania nayo haijai wala haipwi?

Jibu: Hujaa na kupwa, ila kidogo katika sehemu nyingi. Ghuba ya Gabès, Tunisia, haimo katika hesabu hiyo: wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 2.

Swali: Nitapita Bosphorus, mlango-bahari wa Uturuki kati ya Bahari ya Marmara na Bahari Nyeusi, kutoka kusini. Nitarajie mkondo gani?

Jibu: Kwa kawaida utakukabili. Bahari Nyeusi hupokea maji mengi ya mito na uso wake uko juu kidogo kuliko wa Marmara, kwa hiyo maji ya juu hutiririka kuelekea kusini, huku maji mazito yenye chumvi zaidi yakipita chini yake kuelekea kaskazini. Upepo mkali wa kusini, hata hivyo, unaweza kuusimamisha mkondo wa juu au kuugeuza kabisa, kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga ulizia upepo uliovuma siku zilizotangulia, si wa asubuhi hiyo pekee.