Milioni 40 kwa sekunde 9

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni kosa gani kwenye tamthilia linalomfanya mtazamaji achukue rimoti? Rimoti yangu ilipotea mwaka juzi, nabadilisha chaneli kwa kidole. Kwa hiyo mkisikia nimeinuka kwenye kiti kwa ajili ya tamthilia, jueni nimekereka kwelikweli.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya. Kwenye kibanda nina televisheni ndogo inayowaka tangu asubuhi hadi nafunga, na wateja wangu wengi wanajua habari za tamthilia kuliko za bungeni. Jina la ile iliyonikera silitaji, maana waigizaji wake walijitahidi.

Mzee tajiri kalazwa hospitalini, hajitambui. Usiku mke mdogo anaingia na miwani myeusi (usiku!), anachomoa simu chini ya mto wa mgonjwa, anakwenda kwenye kibanda cha wakala. Kamera inamulika kucha nyekundu zikibonyeza mara tatu. Wakala anamsukumia bahasha ya kaki. Shilingi milioni 40. Nilihesabu: sekunde 9.

Niwaambie kazi yenyewe ilivyo. Mteja anayetoa pesa kwangu hunitajia namba yake, naandika kiasi kwenye simu yangu, kisha ujumbe unaruka kwenye simu yake kumtaka aweke namba ya siri. Anaiweka mwenyewe. Naomba kitambulisho, naandika daftarini jina, namba na kiasi, anatia sahihi. Meseji zinaingia pande zote mbili zikiwa na jina, saa na namba ya muamala. Hapo bado kuna ile kodi ya serikali ya kutoa pesa, iliyoanza kwa asilimia 1 mwaka 2018 ikashushwa hadi 0.5 mwaka huohuo baada ya watu kupiga kelele. Kwa milioni 40 ni shilingi 200,000 za kodi peke yake, kabla ya ada ya kampuni. Na hata ningekuwa mwizi mwenzake, droo yangu haijawahi kulala na milioni 40. Siku nikiamka vizuri nina 3.

Dada anayeuza samaki kando yangu aliangalia mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Kumbe matajiri wana wakala wao."

Tulicheka, na kama mambo yangeishia kwenye kicheko nisingeandika barua hii. Mambo mengi nasamehe. Mtu anakunywa soda, kamera ikigeuka chupa imejaa tena: sawa. Blauzi ya kijani inaingia mlangoni na kutokea sebuleni ikiwa ya bluu: sawa, labda walirekodi siku mbili tofauti. Mbuzi analia katikati ya maneno ya mapenzi: huyo mbuzi ndiye pekee aliyeigiza bila kukosea. Tatizo la zile milioni 40 ni kwamba tamthilia nzima ilijengwa juu yake. Miezi minne familia inaulizana nani kachukua pesa. Mtoto wa kwanza anafukuzwa nyumbani. Mfanyakazi wa ndani anawekwa mahabusu. Polisi wanahoji mpaka mganga. Na muda wote huo hakuna hata mmoja, wala mpelelezi mwenyewe, aliyefungua meseji za ile simu! Hapo ndipo nilipoinuka. Siri haikufichwa na ujanja wa mwizi. Mwandishi aliilinda kwa kuwafanya watu wote 20 kuwa wajinga kwa zamu.

Nikaanza kuangalia tamthilia nyingine kwa jicho hilo, nikaona ugonjwa ni mmoja. Chukueni ile hadithi ya wapenzi wanaofika madhabahuni ndipo mama mmoja anapiga yowe kwamba hao ni ndugu, baba yao mmoja. Nimeiona mara tatu kwenye tamthilia tofauti. Katika nchi ambayo mtu anaoa bila kuuliziwa kwao, yawezekana. Lakini nyumba wanayotuonyesha ni ya watu wa kabila la Baganda, Kampala. Kabla ya kanisa kuna kumtembelea senga, shangazi wa binti, kisha kuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha kijana kwa wakwe, watu wamekaa chini ya mahema, msemaji wa upande huu na msemaji wa upande ule wakiviziana kwa maneno. Kijana anatajwa kwa baba, babu, ukoo na muziro, yaani mnyama au kitu ambacho ni mwiko wa ukoo wake. Muziro ukiwa mmoja, kwa kawaida hakuna ndoa. Majina yenyewe ya Kiganda mengi ni ya ukoo. Ukitaja jina tu, wazee wameshajua umetoka wapi. Sasa wapenzi wetu hawa wote wawili wana majina ya ukoo mmoja, wamepita kwanjula kwa ng'ombe na masanduku ya soda, na hakuna shangazi aliyekohoa?

Na dawa yake ilikuwa rahisi. Weka mstari mmoja tu: binti alilelewa na baba wa kambo akapewa jina la ukoo wa huyo baba. Tundu limezibwa, na tena umepata uchungu mwingine wa bure, maana sasa mama alijua siku ya kwanjula na akanyamaza mbele ya wazee. Mimi ningekaa macho usiku kwa ajili ya huyo mama.

Kuna mwalimu mstaafu ambaye hutoa pesa kwangu kila tarehe ya pensheni. Yeye hunipinga. "Mama, hata Shakespeare alifanya hivyo," aliniambia, na akanielezea "Mabepari wa Venisi", ule mchezo aliotafsiri Nyerere mwaka 1969. Merikebu za mfanyabiashara Antonio zinasemekana zimezama, anashindwa kulipa deni, na kesi inayotokana na hasara hiyo nusura imfanye akatwe ratili ya nyama ya mwili wake; halafu mwishoni Portia, mwanamke aliyemwokoa mahakamani, anatoa barua: merikebu tatu zimefika bandarini salama. Barua kaipataje? Anasema wazi kwamba hatawaambia. Nilikubali kushindwa kwa dakika mbili hivi. Kisha nikamjibu: mwalimu, yeye alifanya hivyo dakika za mwisho, kesi imekwisha, watu wanatafuta viatu vyao waende nyumbani. Hakuna aliyekuwa karibu kukatwa nyama kwa sababu ya barua hiyo. Mwalimu alicheka, akahesabu pesa zake mara mbili kama kawaida.

Nadhani najua kilichopotea. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea VJ, yule jamaa anayetafsiri filamu kwa Kiluganda huku inaendelea. VJ mzuri alisikia watu wakiguna. Akiona mtu kaingia nyumba iliyofungwa bila ufunguo, aliongeza maneno yake mwenyewe: "Msishangae, ufunguo alipewa na mlinzi." Filamu ikaendelea, tukatulia. Waandishi wetu wa tamthilia wanaandika mbio, sehemu baada ya sehemu, na wengi wanaazima mifupa ya tamthilia za Meksiko na Ufilipino ambamo jumba lina ukuta mrefu na hakuna jirani. Hakuna anayeguna chumbani mwao. Ukimpeleka mwandishi huyo kwa senga, kwa karani wa mahakama, kwa mtu wa bodaboda, kwangu mimi hapa, nusu saa inatosha, chai juu yangu.

Ningempa hata wizi wa kweli. Wazee wengi wanaokuja kwangu hawaoni maandishi madogo. Mzee ananinyooshea simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti, watu watano wakiwa kwenye foleni. Nimewakataza mpaka nimechoka. Wengine humtuma mjukuu, na mjukuu anaijua namba kama anavyojua jina lake. Kwa hiyo mke mdogo hana haja ya miwani myeusi. Anachukua kidogo kidogo, mara laki 2, mara laki 3, mchana kweupe, kwa wakala yuleyule, mwaka mzima mume akiwa mzima wa afya. Siku mzee anaanguka, familia inafungua meseji na kukuta jina la wakala limejirudia mara mia. Wa kwanza kupigiwa hodi na polisi ni mimi. Hiyo ningeitazama, ingawa daftari langu ningelificha kwanza.