Taji la maigizo: lifunge kwa waya, gundi iwe ya mwisho

Dada, umeuliza kwa nini taji la manila ulilomtengenezea binti kwa igizo la shule limelegea kabla ya siku yenyewe, na vito vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Chanzo ni kimoja: gundi imepewa kazi ya mifupa. Gundi nyeupe ya shule ina maji. Manila huyanywa, ikavimba, na ikikauka inajikunja. Kuongeza gundi hapo ni kuongeza maji tu. Fanya fremu ya waya. Vifaa vingi unavipata kwa mguu katikati ya jiji la Nairobi, na jioni mbili zinatosha.

Kwa fremu, nenda duka la umeme ukatiwe mita moja ya waya wa kuunganisha taa za nyumba, ule wa 1.5 (milimita za mraba) wenye uzi mmoja mnene ndani, si ule wa nyuzi nyingi laini. Ukiuchuna plastiki unabaki na shaba ya karibu milimita 1.4, inayokunjika kwa vidole na kubaki ilivyokunjwa. Usichukue waya mweusi wa kufungia nondo hata ukipewa bure: unachafua mikono na kitambaa, na unashika kutu.

Waya mwembamba wa kufungia unatoka kwenye kebo ya mtandao wa kompyuta, inayouzwa kwa mita Luthuli Avenue. Ndani mna nyuzi 8 za nusu milimita, kwa hiyo mita moja inakupa mita 8. Hapa kuwa makini sana. Kebo nyingi za bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kata ncha uitazame kwenye mwanga: ikiwa katikati ni nyeupe, achana nayo, maana aluminiamu hiyo inakatika ukiisokota mara chache tu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.

Bendi ya kichwa ya plastiki, upana wa sentimita moja, ndiyo msingi. Izungushie utepe wa pamba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mita 2 zinatosha. Utepe huo si pambo. Waya ukifungwa juu ya plastiki tupu unateleza na taji linazunguka. Juu ya pamba unashika.

Sasa matao. Kata shaba nene sentimita 80, tafuta katikati, na uanzie hapo: tao la kati kimo sentimita 5, upana 4. Lizungushe kwenye chupa ndogo ya dawa ili mkunjo uwe laini. Kabla ya kuanza tao linalofuata, laza waya sentimita moja uwe unyayo, kisha panda tena: kila upande tao moja la kimo cha 4, halafu moja la kimo cha 3 pembeni. Yote yatachukua kama sentimita 21 za bendi. Acha ncha za bendi wazi, sentimita 7 hivi kila upande, maana matao yakishuka karibu na masikio taji huonekana kama kofia. Usikunje na kukunjua mahali pamoja ukitafuta usawa. Shaba hukakamaa kila inapokunjwa, na mwishowe inavunjika, kwa kawaida pale pale kwenye unyayo ambapo hapafichiki.

Kila unyayo ufunge kwa waya mwembamba mizunguko 6 hadi 8, iliyobanana bega kwa bega, ukivuta kwa koleo la mdomo mwembamba. Ncha imalizikie upande wa nje na uifinye ilale. Ikibaki ndani itamkwaruza mtoto. Shika tao la kati ulitikise. Likicheza, fungua ufunge upya sasa hivi, kwa sababu baada ya shanga hutaweza.

Ukitaka rangi ya dhahabu, puliza sasa, kabla ya shanga. Puliza kwa umbali wa sentimita 30, nyembamba mara tatu, na si nene mara moja, la sivyo inatiririka. Usipopaka rangi, pitisha kuteksi isiyo na rangi juu ya shaba, maana jasho huigeuza kijani.

Vito vizuri zaidi viko kwenye mikufu iliyokatika, kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, kuliko pakiti mpya za vito vya plastiki: tayari vina matundu, na chenye tundu kinafungwa. Ukitumia shanga za kioo, zile za kazi ya Kimaasai, ziweke chache. Kioo kina uzito wa zaidi ya mara mbili ya plastiki, na taji zito mbele humwangukia mtoto usoni akiinama kusalimu watazamaji. Kwa kila lulu bandia, kata waya sentimita 12, ipitishe mpaka katikati, kunja, kisha shika lulu yenyewe uizungushe mara 5. Ukizungusha waya badala ya lulu, msokoto unakuwa mlegevu upande mmoja. Mikia miwili iliyobaki ndiyo unayoifunga kwenye tao.

Kito kisicho na tundu ndicho pekee cha gundi. Kwaruza mgongo wake kwa msasa, tumia gundi angavu ya kukauka polepole, na uache siku nzima. Ile ya kukauka papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Gundi ya moto itumie tu kubandika kipande cha mahameli chini ya bendi, na taji lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kipande hicho kitabanduka.

Umesema binti amenyolewa kama shule inavyotaka. Basi pini na vitana havitashika kitu. Shonea lastiki nyembamba kwenye utepe, mwisho mmoja hadi mwingine wa bendi, ipite kisogoni chini ya kile kinundu cha fuvu. Ipime akiwa amevaa: ikate sentimita 2 fupi kuliko nafasi yenyewe, kisha mwambie aruke mara kumi na ainame. Ikiacha alama kwenye ngozi, ongeza sentimita moja.