Kuombwa uongoze tawi la Phi Beta Kappa: jibu langu kwa dada aliyeuliza kama akubali

Wakuu, salaam. Dada yetu mmoja ameuliza swali na naona limejibiwa kwa haraka mno. Anasema anafundisha katika chuo kidogo Marekani, ajira yake bado haijawa ya kudumu, yeye mwenyewe alichaguliwa kuingia Phi Beta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi bora wa vyuo vya Marekani, alipokuwa mwanafunzi, na sasa wenzake wanamtaka awe rais wa tawi la chuo hicho. Anataka kujua kazi yenyewe ni ipi, itamla muda kiasi gani, na kama chama cha heshima cha namna hiyo kina maana yoyote siku hizi ambapo kila mzazi anataka mtoto asome kompyuta au uuguzi. Wachangiaji wawili watatu wamemwambia aachane nacho, eti ni cheo cha kupigia picha. Mimi nimekuwa katibu na baadaye rais wa tawi katika chuo cha Magharibi ya Kati ya Marekani, na siamini hivyo hata kidogo. Naomba niandike kirefu.

Kwa wasiokijua chama: Phi Beta Kappa kilianzishwa na wanafunzi wa Chuo cha William & Mary, Williamsburg, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya Marekani kujitangazia uhuru. Herufi hizo tatu za Kigiriki ni kifupi cha usemi kwamba upendo wa hekima ndio usukani wa maisha. Vita vya uhuru vilipofika Virginia tawi mama lilifungwa mwaka 1781, lakini Yale na Harvard walikuwa wameshapewa hati zao, na chama kikaendelea kuishi huko. Leo kina matawi zaidi ya 280. Kinachotetewa ni elimu pana, yaani historia, falsafa, fasihi na lugha, na vilevile hisabati, fizikia, baiolojia na uchumi. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wengi wa nyumbani hudhani ni chama cha wasomi wa fasihi peke yao. Mwanafunzi haombi kujiunga. Walimu wa chuo chake ambao wenyewe ni wanachama ndio wanaokaa na kumchagua, na huchagua wachache, kwa kawaida si zaidi ya mmoja katika kila wahitimu kumi wa sanaa na sayansi.

Sasa dada yangu, kazi. Sherehe ya kuwapokea wapya ni jioni moja ya majira ya kuchipua: daftari la kusaini, ufunguo mdogo wa dhahabu ambao ni nembo ya chama, picha na wazazi. Hiyo haitakusumbua. Uzito uko kwenye meza ya uchaguzi, wiki kadhaa kabla ya hapo.

Msajili huleta orodha ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wachache wa mwaka wa tatu, wamepangwa kwa GPA, yaani wastani wa alama. Mtu asiyejua atadhani kazi imekwisha: chora mstari, chukua walio juu yake. Haiwi hivyo, wala haitakiwi iwe hivyo. GPA inaanzisha mjadala tu. Kamati inafungua transkripti, yaani karatasi ya masomo na alama za mwanafunzi, moja moja na kuuliza: huyu amesoma nini hasa? Kozi za kitaaluma za kazi, kama uhasibu au masoko, hazihesabiwi. Inatakiwa awe amefika kiwango cha kati katika lugha isiyo yake ya kwanza, na awe na hisabati ya kutosha. Baada ya hapo ndipo upana unapotazamwa. Tumewahi kuwa na mwanafunzi mwenye alama karibu kamili ambaye miaka yote minne hakutoka nje ya jengo la fedha na biashara, na mwingine aliyekuwa chini yake kidogo kwa alama, wa biokemia, aliyesoma Kiarabu miaka mitatu, akachukua aljebra, falsafa ya Wagiriki na kozi ya historia ya Bahari ya Hindi, na katika moja ya hizo akapata B kwa sababu ilikuwa ngumu na alijua ni ngumu kabla hajaingia. Tulimchagua wa pili. Mjadala ulichukua karibu saa nzima, na saa hiyo ndiyo kazi ya rais. Kila mwalimu atavutia kamba upande wa idara yake. Wewe unayeongoza unatakiwa uache watu waseme, umzuie mwenye sauti kubwa asimfunike mwenye hoja, na uhakikishe aliyeachwa ameachwa kwa sababu inayoweza kuandikwa kwenye kumbukumbu bila aibu.

Na hapa ndipo ninapotaka ukubali wewe hasa, wala si mtu yeyote tu. Mwaka mmoja kwenye orodha kulikuwa na binti wa familia ya wakimbizi kutoka Kivu. Alama zake nzuri sana, masomo yake mapana, lakini mstari wa lugha kwenye transkripti ulikuwa mtupu. Wenzangu wawili, watu wema kabisa, wakasema basi, kanuni ni kanuni, tuendelee na jina linalofuata. Nikaomba tusimame kidogo. Mtoto aliyetoka Bukavu haji chuoni na lugha moja. Nikamwandikia mshauri wake wa masomo. Kumbe Kiswahili ndicho cha nyumbani, Kifaransa alisomea shule ya msingi na sekondari, Kiingereza ni cha nne baada ya Kimashi. Siku ya kwanza chuoni alifanya mtihani wa Kifaransa akapita kiwango cha juu kuliko tunachodai, ila kwa kuwa mtihani ule hauna krediti, msajili hakuuandika popote. Tukapata barua ya idara ya lugha, akachaguliwa bila pingamizi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya mezani pale. Walikosa tu mtu anayejua kinachoweza kukosekana kwenye karatasi ya mtoto wa namna ile. Tangu hapo tawi letu humtaka msajili alete na matokeo ya mitihani ya kupangwa madarasa. Ni mabadiliko madogo ya utaratibu, na kila mwaka huleta jina au mawili ambayo yangepita bila kuonekana.

Jambo la pili litakalokula muda wako ni barua ya mwaliko. Wanafunzi wengi hawaijibu. Sababu ni kwamba kuna utitiri wa vyama vinavyojiita vya heshima, vinavyotuma barua pepe kwa kila mtu na kudai ada, na kijana wa kwao wa kwanza kufika chuo hana wa kumuuliza kipi ni kipi. Phi Beta Kappa nacho kina ada, hulipwa mara moja kwa maisha yote, kwa hiyo barua yake inafanana na za matapeli. Nimepigiwa simu na mzee mmoja kutoka Eldoret, usiku wa huku, akiniuliza kwa heshima zote: "Profesa, huyu mtoto ameambiwa atoe pesa ndiyo aheshimiwe. Hiyo ni heshima ya aina gani?" Swali zuri, na lilistahili jibu la kina. Nilimweleza chama ni kipi, nani aliyemchagua mwanawe na kwa sababu gani, nikamwambia pia kwamba tawi lina mfuko wa kuwalipia wasioweza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie jina la chama polepole aliandike.

Baada ya simu ile tuliacha kutegemea barua pepe. Jina likishapita, mwalimu mmoja aliyemfundisha mwanafunzi humtafuta ana kwa ana na kumwambia: tumesoma kazi yako, tumekuchagua, na sababu ni hizi. Barua inafuata siku hiyohiyo, ina jina la mwalimu huyo na sahihi yangu kwa wino. Kuhusu ada, tuliwaendea wahitimu wa zamani, wakachanga, na mwanafunzi haulizwi maswali ya kumdhalilisha ili asaidiwe. Wanaokubali wameongezeka sana. Kama utafanya jambo moja tu katika kipindi chako, fanya hili. Ukimchagua kijana kisha akaitupa barua akidhani ni utapeli, tawi halijamfikia bado.

Katika sherehe utaombwa hotuba fupi. Ushauri wangu: waeleze wapya historia yote, pamoja na ile isiyopendeza. Chama hiki kilikaa karibu miaka mia moja bila mwanamke hata mmoja. Wa kwanza walipokelewa na tawi la Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1875. Tawi hilohilo mwaka 1877 lilimchagua George Washington Henderson, mtu aliyezaliwa utumwani Virginia. Edward Bouchet, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika chuo cha Marekani, na aliipata katika fizikia mwaka 1876 pale Yale, alichaguliwa mwaka 1884. Vyuo vya Weusi vilisubiri mpaka 1953, Fisk na Howard walipopata matawi yao. Kisha miaka ishirini baadaye mhitimu wa Fisk, mwanahistoria John Hope Franklin, akawa rais wa chama kizima. Mimi huwasomea miaka hiyo polepole. Nimeona vijana wa Kiafrika na wa Kilatino wakiinua vichwa, na nimeona wazazi wa Kizungu wakisikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza kitu kingine jioni ile. Anayesaini daftari anastahili kujua limewahi kufungwa kwa akina nani.

Sasa kuhusu swali la tatu, la maana ya yote haya wakati huu. Naliona ndilo kubwa, na ndilo litakalokufikisha ofisini kwa mkuu wa chuo. Septemba 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia ilipiga kura kufuta programu 28 na nafasi 143 za walimu, na shahada za lugha za kigeni zikaondoka. Kile ni chuo cha serikali, kikubwa, chenye tawi la Phi Beta Kappa la zaidi ya karne moja. Vyuo vidogo vingi vimefuata njia hiyo bila kutangazwa magazetini. Kwetu lilikuja pendekezo la kufuta Kijerumani na Kiarabu na kupunguza falsafa. Rais wa tawi hana kura katika mambo hayo. Ana sauti tu, na sauti hiyo inasikika ikiwa haijatumika ovyo. Sikwenda na maneno matamu kuhusu ubinadamu. Nilikwenda na kanuni ya lugha mkononi, nikamwonyesha mkuu wa kitivo kwamba lugha zikifutwa, karibu hakuna mwanafunzi wetu atakayeweza kuchaguliwa, na chuo kinachojitangaza kwa wazazi kwa jina la tawi hili kitabaki nalo kwenye vipeperushi tu. Tukamleta pia mtaalamu mgeni kupitia mpango wa chama unaotembeza wasomi vyuoni tangu 1956. Alikaa siku mbili, akafundisha, akala chakula na wajumbe wa bodi. Kiarabu kikabaki, kwa mwalimu wa kushirikiana na chuo jirani. Kijerumani kikaenda. Falsafa ikapoteza nafasi moja. Huo ndio ukweli wa matokeo, na ningeyapigania tena kesho.

Sibezi hofu ya wazazi. Anayeuza shamba kumpeleka mtoto ng'ambo ana haki ya kuuliza atakula nini baadaye. Lakini mimi nilisoma mchepuo wa HKL. Nikiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba mtu alinipangia kwamba mimi ni wa historia, Kiswahili na Kiingereza, na hisabati ikafungwa mbele yangu tangu siku hiyo. Rafiki yangu wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akafungiwa fasihi. Nilipofika chuo cha hapa nikalazimishwa kuchukua takwimu na kozi ya elimu ya anga, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba akili yangu haikuwa nusu. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya ninaposikia chuo kinataka kuleta huku mgawanyo uleule tulioukimbia, safari hii kwa jina la soko la ajira. Kijana asome kompyuta, ndiyo, asome uuguzi. Asiambiwe tu kwamba hayo peke yake ndiyo anayoweza kuyafahamu.

Kuhusu muda na ajira yako: Februari mpaka Aprili utabanwa, miezi mingine ni kidogo. Kazi hii huhesabika kama utumishi kwa chuo, lakini pata hilo kwa maandishi kutoka kwa mkuu wa idara kabla hujakubali, na usikubali kama katibu ni mtu asiyejibu barua, maana katibu ndiye anayebeba makaratasi yote na makao makuu ya Washington humwandikia yeye. Chama kikiitisha baraza lake la kila baada ya miaka mitatu, nenda mwenyewe kama mjumbe. Huko ndiko vyuo vipya vinapopigiwa kura, na ndiko utakakokutana na marais wa matawi mengine wenye matatizo kama yako.

Ukikubali, omba kumbukumbu za mikutano ya uchaguzi ya miaka mitano iliyopita na uzisome kabla ya orodha ya msajili haijafika. Angalia majina yaliyokataliwa na sababu zilizoandikwa. Ukiona "lugha" imejirudia, anzia hapo.