Mizani imetimia, mbona shairi halimgusi mtu?

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Natunga tarbia, zile beti za mishororo minne, na nahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole mpaka itimie. Nikiwasomea ndugu zangu wanasikiliza kwa adabu tu, hakuna anayesema "hebu rudia". Rafiki yangu ananambia niache vina, niandike mashairi huru. Mshororo wangu mmoja ni huu: "Mimi nipo nakungoja, kwa hakika na yakini." Nifanyeje?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Vina havina kosa, usiviache. Ukwapi wako, kipande cha kwanza cha mshororo, una mizani 8, na utao, kipande cha pili, 8. Kwa hesabu hakuna wa kukugusa. Lakini utao wote haukusema kitu. Hakika ndiyo hiyo hiyo yakini, na yote mawili umeyatia ili nafasi ijae na kina cha "ni" kipatikane. Ndugu zako hawakuhesabu, ila wamesikia kwamba hapo hawakuambiwa neno.

Unamngoja wapi? Wewe si mtu wa Pemba? Basi sema: "Mimi nipo nakungoja, bandarini Mkoani." Mizani ni 8 vile vile, maana "m" ya Mkoani nayo inahesabiwa, na kina kipo pale pale. Sasa pana meli, pana mizigo, pana mtu anamkodolea macho kila abiria anayeshuka. Na mshororo wa pili una pa kushika: kashuka na nani? Au meli imeshusha watu wote naye hayumo?

Mashairi huru nami nayapenda. Kitabu cha Kezilahabi, Kichomi, cha mwaka 1974, nakirudia mara kwa mara. Lakini huko neno la kujazia linaonekana upesi zaidi, kwa kuwa halina kina cha kujifichia. Ukihamia huko, "hakika na yakini" yako utahama nayo.

Watafute kwanza washairi wa kwenu, Kamange na Sarahani. Tungo zao zimo katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu alichokihariri Abdilatif Abdalla. Wasome kwa sauti, na ukimpata mzee wa kukusikiliza ndiyo bora. Watu wale walikuwa wakijibizana kwa mashairi, na mwenzio akikusubiri umjibu, huna nafasi ya kupoteza hata mizani mbili.

Ubeti ukishatimia, uniletee wote pamoja na kipokeo chake, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti.