Kuhusu shule za umma na maisha baada ya kuhitimu

Mkuu, umeuliza shule za umma zianzie wapi kubadilika ili kijana akimaliza asibaki anazubaa tu nyumbani. Mimi ningeanza na mtihani. Mwalimu hufundisha kinachopimwa, hata ukimbadilishia mtaala mara kumi. Mtihani ukisema "taja sifa tano za barua rasmi", mwanafunzi atazikariri zote, atapata alama zake, halafu siku ya kuomba kazi anakuja kukuuliza anwani inakaa upande gani. Mpe tangazo la kazi, aandike barua, irudi na wino mwekundu, aiandike upya. Kujifunza kunatokea kwenye ile ya pili. Ila darasa likiwa na watoto 80, nani atasahihisha mara mbili? Ndiyo maana kuongeza walimu nakupa kipaumbele kuliko majengo mapya (majengo yanapendwa kwa sababu yana utepe wa kukata).

Halafu kuna kazi yenyewe. Ujerumani, kijana anayesomea ufundi huwa na mkataba na mwajiri: siku nyingi za wiki yuko kazini analipwa posho, siku moja au mbili yuko chuoni, na mafunzo huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu. Si lazima tuige yote. Lakini ziara ya siku moja ya kupiga picha na mashine haihesabiki. Akae wiki tatu karakana moja, akabidhiwe kitu cha kufanya, na awepo mtu wa kumkemea akikosea.

Riba ya mkopo na makato ya mshahara viingie kwenye hisabati hiyohiyo iliyopo. Somo jipya halihitajiki.