Maswali ya Wasomaji: Kijiko cha Udongo kwa Trekta la Zamani

Kiangazi kimeingia na malambo yanachimbwa. Toleo hili tunajibu barua zinazohusu chombo kimoja: kijiko cha chuma kinachofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, kikachota udongo, kikaubeba na kuumwaga.

Swali (Urambo): Nina Massey Ferguson 135. Kwa muuza vyuma chakavu kuna kijiko cha zamani, anauza kwa kilo. Nitajuaje kama kitaingia kwenye trekta langu kabla sijalipa?

Jibu: Nenda na kalipa (kipimo cha unene) na futi ya chuma, mzee wetu, na upime mambo matatu. Kwanza unene wa pini za chini. Trekta lako ni la daraja la kwanza la mikono mitatu, na pini zake za chini ni milimita 22. Pili, pini ya toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati, ambayo ni milimita 19. Tatu, nafasi kati ya pini mbili za chini, bega hadi bega, iwe karibu sentimita 68. Ukikuta pini za chini za milimita 28, ya juu milimita 25 na nafasi ya sentimita 82 hivi, hicho ni cha daraja la pili, kilitengenezwa kwa trekta kubwa zaidi.

Vipimo hivi havijabadilika, ndiyo maana chuma cha zamani bado kina thamani. Mikono mitatu ilienezwa na Harry Ferguson, na trekta lake la TE20 lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956 lilitumia pini hizo hizo za milimita 22. Kijiko kilichotengenezwa kwa ajili ya TE20 kitaingia kwenye 135 yako bila kukata chochote.

Kama ni cha daraja la pili, usikikatae moja kwa moja. Pini zake zinaweza kung'olewa na kuwekwa nyembamba, na fundi akazisogeza ndani kwa kuchomelea masikio mapya. Swali kubwa hapo ni uzito. Kijiko kitupu kikizidi kilo 180, 135 itabeba chuma kuliko udongo. Mwenye trekta la daraja la pili na kijiko kidogo ana kazi nyepesi: atie bushi za kujaza tundu kutoka 28 hadi 22, na abane minyororo ya pembeni.

Ukishapima, kigonge sakafu kwa nyundo kuanzia mdomoni hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kopo. Tazama tundu za mhimili unaopindukia kijiko. Zikiwa zimekuwa yai, dai bei ipungue, kwa sababu zitahitaji kujazwa na kutobolewa upya. Komeo linaloshikilia kijiko kisipinduke likikosekana si neno, linatengenezeka.

Kuna jambo moja kwa watu wa Urambo hasa. Huko kulikuwa na mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kati ya 1947 na 1951, na mtu akikuonyesha chuma cha zamani cha wakati huo ni rahisi kuamini kwamba chochote chenye mdomo ni kijiko. Ukikuta dude lenye magurudumu yake na ngoma ya kamba ya waya, hiyo ni skrepa ya kukokotwa na trekta la minyororo. Iache.

Swali (Nzega): Hapa kwetu vijiko havipatikani. Fundi wa kuchomelea anasema anaweza kuunda. Tumpe vipimo gani?

Jibu: Huu ndio ushauri tunaoupenda kuliko wa kuagiza mbali. Kijiko hakina gia wala mashine ndani yake, na fundi makini mwenye grenda, drili na mashine ya kuchomelea ana kila kinachohitajika.

Kwa trekta la nguvu za farasi 40 hadi 50, upana uwe sentimita 120, kina kutoka mdomo hadi ukuta wa nyuma sentimita 60, ukuta wa nyuma kimo cha sentimita 45, na kuta za pembeni zishuke kutoka 45 nyuma hadi 20 mdomoni. Hapo unapata karibu robo ya mita ya ujazo, yaani kilo 300 za udongo mkavu uliolegea, au hata 400 ukiwa mbichi. Usikubali kushawishiwa kuongeza upana. Trekta halitaongezeka nguvu.

Nunua pleti moja ya milimita 5 ya futi 4 kwa 8. Upana wake ni sentimita 122, kwa hiyo sakafu na ukuta wa nyuma vinatoka kwenye kipande kimoja cha sentimita 105, kikakunjwa. Usikikunje kwa kona kali. Mviringo kidogo huzuia udongo kuganda pembeni. Kilichobaki kinatosha kuta mbili na mbavu tatu za chini ya sakafu. Pleti ya unene huo ina kilo 39 kwa mita ya mraba, hivyo kijiko chenyewe kinakuja karibu kilo 65, na pamoja na bledi (chuma cha kukatia udongo) na fremu ya bomba la mraba unafika kilo 130 hivi.

Bledi ya mdomoni ndiyo inayoharibika zaidi, na hapa mafundi wengi hukosea. Wanachukua jani la springi ya lori, chuma kizuri kabisa kwa kazi hii, wanalichomelea likiwa baridi. Baada ya wiki linapasuka kando ya mshono. Sababu ni kaboni nyingi iliyomo: sehemu iliyopata joto inapopoa haraka hugeuka ngumu na tete kama kioo. Dawa bora ni kutolichomelea kabisa. Toboa tundu sita, lifunge kwa bolti za jembe zenye vichwa vinavyozama, nati ziwe chini. Likilika upande mmoja unaligeuza. Chuma cha springi ni kigumu kutoboa, kwa hiyo pasha moto sehemu za tundu hadi ziwe nyekundu, zifukie kwenye majivu zipoe polepole usiku kucha, ndipo utoboe. Kama hakuna budi kuchomelea, pasha jani lote moto kwanza, tumia rodi za 7018 zilizokaushwa, na lifunike majivu mara tu mshono unapokwisha.

Mhimili wa kupindukia una siri yake. Tundu ziwe kwenye kuta za pembeni, sentimita 20 kutoka ukuta wa nyuma na 15 kutoka sakafuni, pini za milimita 25 au zaidi. Uzito wa udongo ukikaa mbele ya mhimili, kijiko kitainama chenyewe ukivuta kamba ya komeo. Kabla ya kuchomelea vikombe vya pini moja kwa moja, kishike kwa bolti za muda, jaza mchanga, ufungue komeo. Kisipoinama, sogeza mhimili nyuma sentimita 3. Weka mnyororo wa kukizuia kisipinduke kupita kiasi.

Fremu ipite juu ya mdomo, isikatize mbele yake, la sivyo udongo utagonga chuma badala ya kuingia. Kimo cha pini ya toplinki juu ya pini za chini kiwe sentimita 46.

Kumwaga: inua karibu hadi mwisho, vuta kamba. Kurudisha: shusha taratibu huku ukirudi nyuma kidogo, bledi ikishika ardhi, kijiko kinarudi mahali pake na komeo linaruka. Komeo liwe la springi, na kamba ifike kwenye kiti bila kupita karibu na PTO, yaani shafti inayozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine.

Swali (Kasulu): Kijiko kikijaa, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haushiki. Huku kwetu ni milima. Nifanye nini?

Jibu: Usimame kwanza. Usibebe mzigo mwingine kwenye mteremko mpaka umeongeza uzito mbele.

Hesabu ni rahisi. Chukua uzito wa kijiko na udongo, zidisha kwa umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi katikati ya mzigo, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Jibu ndilo uzito unaoondoka kwenye magurudumu ya mbele. Tuseme kijiko na udongo mbichi ni kilo 530, mzigo uko mita 1.3 nyuma ya ekseli, na ekseli zimeachana mita 1.8. Zinaondoka kilo 383. Kama mbele kulikuwa na kilo 580, zimebaki 197. Usukani unahitaji angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta, na kwa trekta la kilo 1,500 hiyo ni kilo 300. Kwa hiyo ulichokisikia mikononi ni kweli tupu: trekta lilikuwa linakaribia kusimama kwa nyuma. Pitisha ekseli ya mbele peke yake kwenye mizani ya magari ili uwe na namba ya trekta lako.

Vyuma vya uzito vya kiwandani ni adimu. Zege linatosha: ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ni karibu kilo 48. Ndoo mbili zilizozikwa nondo na kufungwa kwa bolti kwenye bampa, nusu mita mbele ya ekseli ya mbele, zinafanya kazi ya kilo 120 kwa sababu ya umbali huo. Zifungwe kwa bolti. Kamba na mpira wa baiskeli havifai hapa. Maji kwenye matairi ya nyuma hayakusaidii kwa tatizo hili.

Njiani, kijiko kiwe sentimita 20 hadi 30 tu kutoka ardhini. Mlima unapandwa kwa kurudi nyuma, mzigo ukitangulia juu, na unateremkwa kwa kwenda mbele, gia ya chini, klachi haiguswi. Usikate mteremko kwa ubavu. Wala asipande mtu ndani ya kijiko, hata kwa hatua kumi.

Swali (Kaliua): Nikikanyaga klachi, kijiko kinagoma kuinuka. Na jua likiwa kali kinashuka chenyewe.

Jibu: Hayo ni mambo mawili. La kwanza si ugonjwa. Kwenye Massey za zamani zenye klachi mbili, ukikanyaga nusu unakata mwendo tu. Ukikanyaga hadi chini unasimamisha na pampu ya hidroliki. Kanyaga nusu. Kwenye klachi moja, toa gia, achia pedali, ndipo uinue.

La pili ni kuvuja ndani. Inua mzigo, zima injini, weka alama kwenye kimo cha pini, upime baada ya dakika 10, asubuhi na tena mchana. Kikishikilia asubuhi na kushuka mchana, oili iliyopata moto imekuwa nyepesi na inapita kwenye ringi ya pistoni ya kuinulia au kwenye sili zilizochoka. Anza na kilicho rahisi: tazama kiwango cha oili na rangi yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Imwage yote, safisha chujio, weka oili ya trekta inayotumika kwa gia na hidroliki pamoja. Kikiendelea kushuka, fundi afungue mfuniko wa juu na kubadili ringi na sili.

Halafu tumia mkono wa kudhibiti kimo, si ule wa mvuto wa jembe. Ukitumia wa mvuto, kijiko kitapanda na kushuka kila ardhi inapobadilika ugumu.

Swali (Igunga): Kijiko kinateleza juu ya udongo mweusi wa mbuga bila kuchota.

Jibu: Mbuga kavu haichotwi, inapasuliwa kwanza. Pita na jembe la sahani kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha funga kijiko. Fupisha toplinki mpaka bledi iwe chini ya kisigino (ukingo wa nyuma) cha sakafu kwa sentimita 2 au 3. Nenda gia ya kwanza, ukate sentimita 5 tu. Ndani ya mita 4 kimejaa. Ukikata zaidi, matairi yatazunguka papo hapo. Finyanga tonge la udongo mkononi: likivunjika bila kunata, ni wakati wake. Likinata, acha, kwa sababu litaganda kijikoni na hutamwaga hata nusu.

Panga muda pia. Lambo la mita 10 kwa 10, kina mita 1, ni mita 100 za ujazo, na udongo ukichimbwa hufura kwa karibu robo, zinakuwa 125. Kwa kijiko cha robo mita hizo ni safari 500. Kila safari dakika 4, ni saa 33 za dizeli. Ukikusudia kuziba korongo, pitia kwanza ofisi ya maji ya bonde lako kwa kibali.

Swali (Uvinza): Ninaona matangazo ya boksi la kubebea la trekta kutoka Ulaya. Ni kitu kile kile?

Jibu: Hapana. Boksi hilo kwa kawaida lina sakafu ya bati jembamba na halikuundwa kwa kuchimba. Linabeba mbolea, magunia na mawe machache. Ukilichimbia, sakafu itakunjika siku ya kwanza.